Kiti Kikibaki Wazi Nyumbani, Nani Huumia?

Ikiwa nyumbani kwenu ni Kisii au Nyamira na wewe unaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa, bila shaka wajua jinsi mambo yanavyokuwa mwaka wa uchaguzi mkuu. Mabasi ya kwenda Kisii hujaa siku kadhaa kabla, nauli hupanda bila haya, shule hufungwa, na kila mwenye kitambulisho hujiona ana neno la kusema. Ukifika kituoni unapewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge na ya diwani. Unazitia katika masanduku yake, kidole chako kinapakwa wino, nawe unarudi mjini ukiamini kwamba kazi hiyo umeimaliza hadi baada ya miaka mitano.

Ipo kura nyingine ambayo haileti likizo ya taifa zima wala haijazi mabasi. Mbunge anafariki, au diwani anaaga dunia, au mahakama inasema kwamba aliyetangazwa mshindi hakushinda kwa haki. Kiti kinabaki wazi. Watu wa eneo bunge moja, au wa wadi moja tu, wanaitwa tena kituoni siku ya kazi, wakati wewe uko ofisini Industrial Area au darasani chuoni. Huo ndio uchaguzi mdogo, na Gusii imeuonja mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyokumbuka.

Nataka leo tuuangalie kwa makini, kwa maana hiyo ndiyo kura ambayo sauti yako huwa na uzito mkubwa zaidi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo watu wa mjini huipuuza zaidi.

Mwaka wa kura mbili

Tuanze na mwaka wa 2021. Haukuwa mwaka wa uchaguzi, lakini Kaunti ya Kisii ilipiga kura mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi, Machi 4, katika wadi ya Kiamokama. Hii ni moja kati ya wadi tano za Nyaribari Masaba, huko juu kwenye mashamba ya majani chai, na diwani wake alikuwa amefariki. Siku hiyo hiyo kulikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge Matungu na Kabuchai, na wa udiwani katika wadi kadhaa nchini, ikiwemo London mjini Nakuru. Vurugu za huko Magharibi zikajaza kurasa za mbele za magazeti. Kiamokama haikupata nafasi kubwa, na sidhani kama wasomaji wengi wa mjini walijua kwamba kuna kura iliyokuwa ikipigwa huko.

Mara ya pili ilikuwa Jumanne, Mei 18, katika eneo bunge la Bonchari. Hapo taifa zima lilisikia. Mbunge John Oroo Oyioka, aliyechaguliwa mwaka wa 2017, alifariki Februari 2021. Bonchari ni eneo dogo kwa ukubwa. Lina wadi nne tu: Bomariba, Bogiakumu, Bomorenda na Riana. Ukitoka mjini Kisii kuelekea Migori unalipita, na Suneka utaifikia kabla hujakaa vizuri kitini. Lakini katika miezi hiyo mitatu eneo hilo lilitembelewa na wakubwa wa siasa kana kwamba ndilo makao makuu ya nchi.

Sababu yake ni hii. Wakati ule Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikuwa wameshikana mikono, na Naibu wa Rais William Ruto alikuwa amejitenga nao na kuanza kujijenga kupitia chama kipya cha UDA. Mswada wa BBI wa kubadilisha Katiba ulikuwa mezani, na Mahakama Kuu iliutupilia mbali Mei 13, siku tano tu kabla ya kura ya Bonchari. Kila kambi ilitaka kupima nguvu zake, na Bonchari ikawa mizani.

Orodha ya wagombea ilikuwa ndefu, lakini wenye mashiko walikuwa watatu. ODM ilimsimamisha Pavel Oimeke, aliyewahi kuongoza mamlaka ya kusimamia kawi na mafuta. Jubilee ilimsimamisha Zebedeo Opore, mtu aliyewahi kuwa mbunge wa eneo hilo. UDA nayo ikamsimamisha Teresa Bitutu, mjane wa marehemu mbunge.

Kampeni ziligongana na korona. Machi 26, 2021 serikali ilizifunga kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na ikawa hakuna kuingia wala kutoka. Amri hiyo iliondolewa Mei 1. Kwa hivyo mtu wa Bonchari aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alikaa zaidi ya mwezi mzima bila ruhusa ya kwenda nyumbani kuwasikia wagombea, na barabara zilipofunguliwa zilibaki siku kumi na saba tu.

Matokeo yalikuwa haya: Oimeke kura 8,049, Opore 7,279, Bitutu 6,964.

Hebu zitazame tena hizo tarakimu, msomaji. Kati ya mshindi na wa pili kuna kura 770. Ukizigawa kwa wadi nne ni chini ya kura 200 kwa kila wadi. Au zihesabu kwa mabasi: magari ya abiria 33 ishirini na manne yangewabeba watu wote hao, na moja lingebaki na nafasi. Mtu aliyeketi Kawangware siku hiyo akisema, "Kura yangu moja itafanya nini?" angestahili kuonyeshwa hesabu hiyo. Na ukizijumlisha kura za wa pili na wa tatu unaona kwamba waliomkataa mshindi walikuwa wengi kuliko waliomtaka. Hilo si kosa lake. Sheria yetu inasema mwenye kura nyingi zaidi ndiye mbunge, hata kama hazikufika nusu.

Kura ya huruma

Nisimame kidogo kwa habari ya mjane, kwa sababu jambo hili huzungumzwa kwa minong'ono.

Mbunge akifariki, mara nyingi chama fulani humwendea mkewe, au mwanawe, au ndugu yake. Mwili haujazikwa vizuri na tayari watu wameanza kupiga hesabu. Wapo wanaosema ni haki familia imalizie kipindi cha mtu wao. Wapo wanaosema ubunge si shamba la kurithiwa. Mimi naona pande zote mbili humsahau mama mwenyewe. Anaulizwa kama marehemu angependa, wala haulizwi yeye angefanya nini bungeni. Matokeo ya Bonchari yanaonyesha kwamba wapiga kura wa Gusii hawakubebwa na huruma peke yake, kwani walimpa Bitutu karibu kura elfu saba, idadi ambayo si haba kwa chama kilichokuwa bado kichanga, kisha wakamchagua mtu mwingine. Walimpima kama mgombea, na nadhani huo ndio ulikuwa uungwana.

Jambo jingine ni ukoo. Majina ya maeneo bunge ya Gusii yenyewe ni majina ya koo kubwa: Bonchari ni ya Abanchari, Bobasi ya Abobasi, Kitutu ya Abagetutu, Nyaribari ya Abanyaribari, Mugirango ya Abagirango, na Bomachoge ya Abamachoge. Katika uchaguzi mkuu koo hizi hujikuta nyuma ya rais mmoja au mwingine. Katika uchaguzi mdogo hakuna rais wa kuwaunganisha watu. Kinachobaki ni mlango gani umetoa mbunge mara ngapi na ni zamu ya nani sasa. Ukiwa mgeni utasikia hotuba za maendeleo jukwaani, lakini jikoni wazee wanahesabu milango. Vijana wa vyuo huliona jambo hili kuwa la kizamani, lakini nimeona wengi wao wakirudi kijijini na kuhesabu vivyo hivyo.

Maabara ya taifa

Wasomaji wenye umri kama wangu watakumbuka kwamba Bonchari haikuwa ya kwanza. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, tume ya zamani ya uchaguzi ilivunjwa na ikaundwa ya muda, IIEC, chini ya Isaack Hassan. Wakenya hawakuwa na imani tena na sanduku la kura. Tume hiyo mpya ikapewa mtihani wake wa kwanza Agosti 27, 2009 katika maeneo bunge mawili, Shinyalu huko Kakamega na Bomachoge huko Kisii. Ushindi wa Joel Onyancha wa 2007 ulikuwa umebatilishwa na mahakama, na katika marudio Simon Ogari wa ODM akakitwaa kiti cha Bomachoge. Eneo hilo baadaye liligawanywa mara mbili, ndiyo maana leo kuna Bomachoge Borabu na Bomachoge Chache.

Kwa hiyo watu wa Ogembo na Kenyenya walikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kuonyesha kwamba kura inaweza kupigwa, ikahesabiwa na ikakubaliwa tena baada ya damu ya 2007 na 2008. Sijaona mnara wowote wa kuwakumbuka kwa hilo.

Mwaka uliofuata, Juni 2010, ikawa zamu ya South Mugirango. Omingo Magara, aliyekuwa mwekahazina wa ODM, alivuliwa ubunge na mahakama. ODM ikamwacha na kumsimamisha Ibrahim Ochoi, naye Magara akatafuta chama kingine. Wawili hao wakavutana mbele ya kadamnasi, na Manson Nyamweya wa Ford People akapita katikati yao na kukichukua kiti. Ford People, msomaji, ndicho chama ambacho Simeon Nyachae alikitumia kuwania urais mwaka wa 2002 na kuzoa kura za Gusii. Wengi walikuwa wamekwisha kukihesabu miongoni mwa wafu. Mwishoni mwa 2013 Nyaribari Chache nayo ilirudi kituoni baada ya mahakama kubatilisha ushindi wa Chris Bichage, na Richard Tong'i akashinda.

Unaona basi kwamba katika miaka isiyozidi kumi na miwili, maeneo bunge manne ya Kisii yalipiga kura nje ya ratiba, matatu kati yao kwa amri ya mahakama na moja kwa sababu ya kifo.

Katika nchi za majimbo jambo hili si la ajabu hata kidogo. Ujerumani ina majimbo 16, na bunge la kila jimbo lina tarehe yake ya kuchaguliwa. India vilevile, majimbo hupiga kura kwa zamu, hivi kwamba ni nadra mwaka kupita bila serikali ya Delhi kupimwa mahali fulani. Hata Nigeria, magavana wa Anambra, Edo na Ondo huchaguliwa nje ya ratiba kuu kwa sababu kesi za zamani zilivuruga tarehe zao. Sisi tuna kaunti 47 lakini tumezifunga zote katika siku moja, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Katikati hapo serikali haina kipimajoto. Ndiyo maana wadi moja ikiitwa kupiga kura, helikopta hushuka kwenye uwanja wa shule ya msingi na watoto wakaacha hesabu zao kwenda kuitazama.

Kipimajoto chenyewe, hata hivyo, hudanganya. Waliosema Mei 2021 kwamba Bonchari imeonyesha njia ya 2022 walikosea hesabu. Oimeke alidumu bungeni muda wa miezi kumi na tano hivi. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022 kiti kilikwenda kwa Charles Onchoke wa UPA, chama ambacho miezi hiyo kumi na tano nyuma hakuna aliyekitaja katika mizani. UDA, iliyokuwa ya tatu Bonchari, ikaingia Ikulu. Na Jubilee, iliyoshindwa Bonchari na Juja siku moja, haikupata nafuu.

Viti vitatu vya Nyamira

Sasa tuvuke Kisii tuingie Nyamira, kwa sababu huko ndiko utaona hasara ya kiti kilicho wazi.

Katiba inasema kwamba kiti cha mbunge kikiwa wazi, Spika aijulishe tume ya uchaguzi katika siku 21, na kura ipigwe katika siku 90. Ni agizo zuri na liko wazi. Lakini nani atasimamia kura hiyo ikiwa tume yenyewe haina watu? Januari 2023 muda wa mwenyekiti Wafula Chebukati na makamishna wawili aliobaki nao uliisha. Wenzao wanne walikuwa wamekwisha kugawanyika naye kuhusu matokeo ya urais ya 2022. Watatu wakajiuzulu na mmoja akaondolewa. IEBC ikabaki na jengo, wafanyakazi na sajili, lakini bila makamishna. Wanasiasa wakavutana kuhusu nani awateue wapya, kesi zikaingia mahakamani, na mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, hakuapishwa mpaka Julai 2025.

Miaka miwili na nusu! Katika muda huo watu waliendelea kufa na viti viliendelea kuwa wazi. Watu wa Banissa, kaunti ya Mandera, walimpoteza mbunge wao Machi 2023, nao wakakaa bila mwakilishi mpaka Novemba 27, 2025. Siku hiyo ndipo tume mpya ilipoandaa chaguzi ndogo zaidi ya ishirini kwa mpigo, kuanzia useneta wa Baringo hadi udiwani.

Nyamira ilikuwa na wadi tatu katika foleni hiyo: Nyamaiya iliyoko West Mugirango, Ekerenyo ya North Mugirango, na Nyansiongo ya Borabu, kule kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa wananchi baada ya Uhuru. Kaunti nzima ina wadi 20 tu. Tatu zikikosa mtu, sauti tatu katika kila ishirini zimenyamaza. Nyamira haikuwa na jirani wa kuzibeba, kwani Kisii ina wadi 45, na wadi tatu zikikosekana huko pengo lake halionekani sana.

Pengine utauliza, diwani ana kazi gani hasa hata akosekane watu waumie? Tuliolelewa enzi za mabaraza ya wilaya na manispaa tulimjua diwani kama mtu wa soko na vyoo vya soko. Jina tumelibakiza, lakini kazi imebadilika. Diwani wa leo huketi katika bunge la kaunti, na bunge hilo ndilo hupitisha bajeti. Barabara ya kutoka kiwanda cha majani chai hadi kwenye lami, dawa katika zahanati, walimu wa chekechea, basari ya mdogo wako anayesoma kidato cha pili, yote hupitia pale. Bajeti ikigawanywa wadi kwa wadi, asiyekuwepo mezani hupewa kile kilichobaki. Wapo madiwani walioteuliwa na vyama, ni kweli, lakini hao huwakilisha wanawake, vijana na walemavu wa kaunti nzima. Mama wa Ekerenyo mwenye barua ya karo mkononi hana diwani mteule anayeweza kumwita wake.

Na kama vile hilo halitoshi, bunge lenyewe la Nyamira lilikuwa limepasuka. Gavana John Nyagarama alifariki Desemba 2020, na hapo hakukuwa na uchaguzi mdogo, kwa kuwa Katiba humpa naibu wa gavana kiti moja kwa moja. Amos Nyaribo akaapishwa, na mwaka wa 2022 akachaguliwa mwenyewe kwa tiketi ya UPA. Lakini ugomvi wake na madiwani haukuisha. Ilifika mahali kundi moja likawa likiketi nje ya ukumbi rasmi kwa jina la Bunge Mashinani, huku jingine likiketi ndani, na kila upande ukidai ndio halali.

Kisha, Jumanne ya Novemba 25, 2025, bunge la kaunti likapitisha hoja ya kumwondoa gavana. Halikuwa jaribio la kwanza. Itazame tarehe hiyo vizuri, msomaji. Uchaguzi wa Nyamaiya, Ekerenyo na Nyansiongo ulikuwa Alhamisi, Novemba 27. Zilibaki siku mbili tu wadi hizo tatu zipate watu wao, na uamuzi mkubwa kuliko wote katika maisha ya kaunti ukafanywa bila wao.

Sheria inataka thuluthi mbili ya madiwani wote waunge mkono hoja kama hiyo. Kwa hiyo kila kiti kina uzito, kiwe na mtu au kiwe kitupu. Hoja ilipofika Nairobi, mawakili wa gavana hawakuanza na mashtaka. Walianza na hesabu. Walisema idadi inayotakiwa haikufikiwa, na kwamba baadhi ya kura zilizohesabiwa ni za madiwani ambao hawakuwa ukumbini. Mapema Desemba Seneti ikakubaliana nao. Shauri likafia hapo mlangoni, na tuhuma zenyewe hazikusikilizwa, wala za kumlaani gavana wala za kumsafisha.

Ukiwa upande wa gavana utasema haki imetendeka. Ukiwa upande wa pili utasema ameponea kwa tundu la sheria. Sina haja ya kuamua ugomvi huo hapa, na ndiyo maana sikutaja ni vyama gani vilitwaa zile wadi tatu. Ninachotaka ukione ni kwamba katika jambo lililotegemea kuhesabu watu, watu wa wadi tatu hawakuwa na mtu wa kuhesabiwa, awe wa kusema ndiyo au wa kusema la. Hilo halikuwa kosa lao.

Karibu na mwaka huo huo wa vurugu, Kisii ilionja upande wa pili wa jambo hili. Naibu wa Gavana Robert Monda aliondolewa, Seneti ikathibitisha Machi 2024, na Elijah Obebo akachukua nafasi. Huko hakukuwa na kura ya mwananchi hata moja. Gavana aliteua jina na bunge la kaunti likaidhinisha, kama sheria inavyosema. Kwa hivyo diwani uliyemchagua ukiwa na haraka ya kurudi mjini ndiye aliyekuchagulia naibu wa gavana.

Kwa wewe uliye mjini

Msomaji mmoja anaweza kuniambia, "Haya yote ni kweli, lakini mimi nafanya kazi Nairobi. Nitaombaje ruhusa Alhamisi niende Nyansiongo kupiga kura ya diwani?" Ni swali la haki. Safari ya kwenda na kurudi ni siku mbili na pesa ambazo zingelipa karo au umeme. Mwajiri wa Nairobi hana habari na Nyansiongo. Isitoshe, wagombea wenyewe hulijua hilo, na baadhi yao hukodi magari ya kuwabeba watu wao, jambo ambalo humfanya asiye na gari la bure ajione hahusiki. Ukisafirishwa na mgombea, ukalishwa chai na kupewa mia mbili, kura ni yako bado, lakini utaiona aibu kumnyima.

Ninyi wanafunzi ndio hutafutwa zaidi. Uchaguzi mdogo huwa na vijana wengi wa kukodishwa, wa kuimba na wakati mwingine wa kurusha mawe, na mshahara wao huisha jioni ya siku ya kura. Kijana akikamatwa au akiumizwa, aliyemkodi amekwisha kupaa na helikopta yake.

Kuna wanaoamua kuhamisha kura zao waje wapige kura Embakasi au Kasarani wanakoishi. Sioni ubaya. Anayeishi mahali ndiye anayekanyaga matope ya mahali hapo. Kuna wanaosema kura ibaki nyumbani maana ndiko wazazi waliko na ndiko watakakozikwa. Katika nyumba nyingi za Wakisii mjini, baba yuko upande huu na watoto waliozaliwa Nairobi wako upande ule, na mjadala huo huwa mkali kuliko wa vyama. Ni mjadala mzuri wa mezani Jumapili, mradi mkumbuke kwamba hauwezi kuahirishwa mpaka siku mbunge atakapofariki. Sheria ya uchaguzi inasema kiti kikishatangazwa kuwa wazi, uandikishaji na uhamishaji wa wapiga kura katika eneo hilo husimama mpaka kura ipigwe. Sajili hubaki vile ilivyokuwa. Kijana aliyetimiza miaka 18 na kupata kitambulisho, lakini akangoja kujiandikisha "wakati wa uchaguzi", atautazama uchaguzi mdogo wa kwao kama mtazamaji wa mpira aliye nje ya ua.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Katiba hairuhusu uchaguzi mdogo wa ubunge katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya tarehe hiyo. Kuanzia Mei 2027, kiti cha Bonchari, cha Borabu au cha kwingineko kikiwa wazi, kitabaki wazi, na watu wake watangoja pamoja na nchi nzima.